Chavua, Upepo na Mafua Yasiyoisha: Msimu wa Mzio katika Viunga vya Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo baina ya chavua zinazopeperushwa hewani na mzio wa njia ya hewa katika viunga vya Dar es Salaam, hususan Kinondoni na Temeke. Hoja kuu ni kwamba msimu wa mzio wa chavua upo katika viunga hivyo, ila umefichwa na mambo mawili. La kwanza ni kalenda ya majira iliyoazimwa kutoka nchi za baridi, ambayo haiwiani na mvua wala pepo za pwani. La pili ni neno "mafua", ambalo katika Kiswahili cha kila siku hubeba maradhi mawili yenye asili tofauti na tiba tofauti. Makala yanaeleza namna mwili unavyoipokea chavua, yanabainisha mimea ya viungani na majira yake ya kuchanua, yanajadili nafasi ya upepo, mvua na vichochezi vingine vya mzio, kisha yanapendekeza njia za kupima hewa na za kumbaini mgonjwa zinazolingana na mazingira ya jiji.

Maneno msingi: chavua, mzio, mafua, pumu, Masika, Kusi, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Mvua za Masika zinapokoma, kiasi cha mwezi Mei, viunga vya Dar es Salaam huwa vimevaa kijani. Viwanja ambavyo havijajengwa huko Chamazi, Toangoma, Bunju na Mabwepande hujaa nyasi zinazomfikia mtu kifuani, na kando ya nyumba nyingi mahindi huwa yametoa mbelewele. Ni katika wiki hizo ambapo husikika malalamiko ya aina moja: mtoto ana mafua yasiyoisha, anapiga chafya mfululizo kila asubuhi, anajisugua pua kwa kiganja na macho yanamwasha. Hana homa. Jibu ambalo mzazi hupewa na jirani, na pengine na muuza dawa, ni lile lile la miaka yote: hali ya hewa imebadilika.

Jibu hilo si la uongo, bali limekomea njiani. Hali ya hewa imebadilika kweli, lakini mabadiliko hayo hayamwingii mtoto puani yenyewe kwa yenyewe. Lazima kuwe na kitu kilichomo ndani ya hewa hiyo, kitu chenye umbo, ukubwa na chanzo, ambacho mwili wa mtoto huyo umekichukulia kuwa adui. Mara nyingine kitu hicho ni kirusi. Mara nyingine ni chavua, vumbi lenye utitiri, au spora za kuvu. Kutotofautisha visababishi hivi kuna gharama. Mtoto mwenye mzio hupewa antibiotiki zisizomfaa, dawa hizo huendelea kujenga usugu wa vimelea katika jamii, na uvimbe wa njia ya hewa ulioanzia puani huachwa bila tiba, wakati ambapo kwa baadhi ya watoto hali hiyo huambatana na pumu.

Suala hili linazidi kuwa na uzito kwa sababu jiji linapanuka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekwenda viungani, mahali ambapo shamba, pori na mtaa vimo katika eneo moja. Mkazi wa Mbagala au Tegeta haishi mjini kwa maana ya kutengwa na mimea, wala haishi shamba kwa maana ya kuepukana na moshi wa magari. Anavuta vyote viwili kwa pumzi moja.

2.0 Chavua na namna mwili unavyoipokea

Chavua ni chembe zinazotolewa na sehemu ya kiume ya ua ili zilifikie ua la kike na kulitungisha. Chembe nyingi zina kipenyo cha kati ya mikromita 10 na 100, na mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa suala la mzio, tofauti iliyo muhimu kuliko zote ni ya njia ya uchavushaji. Mimea inayochavushwa na wadudu hutoa chavua chache, nzito na zenye kunata, na hujitangaza kwa rangi na harufu. Mimea inayochavushwa na upepo haina haja ya kumvutia nyuki. Maua yake ni madogo, hayana rangi ya kuvutia, na hutoa chavua kavu, nyepesi na nyingi mno, kwa kuwa chache tu kati yake ndizo zitakazofika.

Kutokana na tofauti hiyo, ua linaloonekana sana si lazima liwe ndilo lenye lawama. Mkrismasi unaowaka nyekundu mwishoni mwa mwaka na waridi lililopandwa uani huwategemea zaidi wadudu au ndege, na chavua zake hazisafiri mbali. Harufu kali ya asumini yaweza kumkera mtu pua hata akapiga chafya, lakini kukerwa na harufu na kuwa na mzio wa chavua ni mambo mawili. Kinyume chake, suke la nyasi ambalo hakuna anayeligeukia ndilo linaloweza kujaza hewa ya mtaa mzima.

Ujuzi wa jambo hili ulipatikana polepole. Mwaka 1819 John Bostock, tabibu wa London, alieleza maradhi yake mwenyewe ya macho na pua yaliyomrudia kila kiangazi. Mwaka 1873 Charles Blackley, tabibu wa Manchester, alichapisha majaribio aliyojifanyia. Alijipaka chavua za nyasi na kuzivuta puani, akazinasa chavua za hewani kwa vioo vilivyopakwa dutu inayonata, na hata akavipandisha vioo hivyo juu kwa tiara. Alionesha kwamba kisababishi kilikuwa chavua, si joto wala mwanga wa jua. Mwaka 1906 Clemens von Pirquet wa Vienna aliunda istilahi ambayo ndiyo chimbuko la neno "aleji" linalotumika leo mitaani, na ambayo kwa Kiswahili sanifu huitwa mzio.

Mchakato wenyewe una hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, mtu mwenye mwelekeo wa mzio hukutana na protini za chavua, na mfumo wake wa kinga hutengeneza kingamwili mahususi za aina ya imunoglobulini E, zilizotambuliwa katika miaka ya 1960. Kingamwili hizo hujishikiza juu ya seli za utando wa pua, macho na mapafu zilizojaa histamini. Katika hatua hii mtu haoni dalili yoyote. Hatua ya pili huja chavua ile ile inaporudi. Protini zake huzishika kingamwili zilizokwishawekwa, seli hufunguka, na ndani ya dakika chache histamini husababisha muwasho, chafya, kamasi jepesi na kuziba kwa pua. Saa kadhaa baadaye hufuata wimbi la pili la uvimbe, ambalo huziba pua kwa muda mrefu zaidi. Maelezo haya yanajibu swali ambalo wazazi huuliza mara kwa mara: inawezekanaje mtoto aliyecheza kwenye nyasi miaka mitatu bila shida aanze kuugua mwaka wa nne? Ile miaka mitatu huenda ndiyo iliyokuwa ya maandalizi.

3.0 Kalenda iliyoazimwa

Maandishi mengi kuhusu mzio wa chavua yametoka katika nchi zenye majira manne. Huko kalenda iko wazi: miti huchanua majira ya kuchipua, nyasi hufuata kiangazi, na magugu hufunga mwaka. Baridi huwapa wagonjwa mapumziko. Dar es Salaam, iliyo takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, haina baridi ya kusimamisha mimea, na urefu wa mchana haubadiliki sana kati ya Juni na Desemba. Kinachopanga maisha ya mimea ni mvua na upepo. Masika huanza Machi hadi Mei, Vuli huja Oktoba hadi Desemba, Kusi huvuma katikati ya mwaka na kuleta Kipupwe, na Kaskazi hutawala kuanzia Desemba hadi karibu Machi.

Ugumu wa kuilazimisha kalenda ya baridi katika maeneo mengine ya dunia ulikwishatambuliwa na wataalamu wenyewe. Mpango wa kimataifa uitwao ARIA, uliotokana na mkutano wa mwaka 1999 chini ya Shirika la Afya Duniani na kutoa mwongozo wake mwaka 2001, ulipendekeza kuachana na mgawanyo wa zamani wa mzio wa msimu na mzio wa mwaka mzima. Badala yake mgonjwa aainishwe kwa muda wa dalili: za vipindi iwapo hudumu chini ya siku nne kwa wiki au chini ya wiki nne mfululizo, na za kudumu iwapo hupita viwango vyote viwili. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba katika sehemu nyingi za dunia chavua huwapo takriban mwaka wote, na kwamba wenye mzio wa vumbi la nyumbani hawaugui kila siku ya mwaka.

Uainishaji huo unamfaa tabibu wa Temeke kuliko ule wa zamani. Hata hivyo haufuti umuhimu wa kujua msimu. Unachofuta ni msimu wa kuazima. Mgonjwa wa Buza bado anahitaji kujua ni wiki zipi atarajie shida, na jibu lazima litokane na mimea inayomzunguka.

4.0 Mimea ya viungani na majira yake

Kalenda inayopendekezwa hapa imejengwa juu ya mwenendo wa mimea kuchanua, na inapaswa kusomwa kama dhana ya kupimwa kwa hesabu za chavua hewani.

4.1 Nyasi

Nyasi ndizo zinazostahili kutangulizwa. Ukoka (Cynodon dactylon), ambao eneo lake la asili linajumuisha Afrika Mashariki, umesambaa duniani kote na ni miongoni mwa vichochezi vya mzio vilivyochunguzwa sana katika nchi za joto. Katika Kinondoni hupandwa kwa makusudi katika bustani za nyumba. Kote kwingineko hujiotea kando ya barabara na viwanja vya mpira. Pamoja nao zimo nyasi ndefu kama Megathyrsus maximus, zinazotawala viwanja visivyoendelezwa. Nyasi hizi hukua wakati wa mvua na kutoa masuke mvua zinapopungua. Kwa hiyo wimbi kubwa linatarajiwa baina ya Mei na Julai, na wimbi dogo baada ya Vuli, kiasi cha Desemba na Januari. Ukoka unaomwagiliwa maji bustanini hauna budi kuwekwa kando ya kanuni hii, maana huweza kuchanua wakati wowote.

Kuna jambo la kitabibu linaloambatana na aina za nyasi. Protini za nyasi za nchi za baridi zinafanana sana zenyewe kwa zenyewe, lakini zinatofautiana kwa kiasi kikubwa na zile za ukoka na za nyasi nyingine za joto. Kipimo cha ngozi kilichoandaliwa kwa nyasi za Ulaya pekee kinaweza kumpa mkazi wa Mbagala majibu kwamba hana mzio wa nyasi, ilhali nyasi aliyopimiwa haijawahi kuota mtaani kwake.

4.2 Mazao na magugu

Mahindi ni nyasi pia kwa ukoo. Yakipandwa mwanzoni mwa Masika hutoa mbelewele baada ya takriban miezi miwili, yaani Mei na Juni. Chembe yake ya chavua ni kubwa, karibu mikromita 80 hadi 100, hivyo huanguka karibu na shamba. Katika kilimo cha mashamba makubwa jambo hilo lingewapa wakazi nafuu, lakini viungani shamba lenyewe liko chini ya dirisha.

Mchicha nao unastahili kutajwa. Hulimwa kwa wingi katika mabonde ya jiji, na ukoo wake unajulikana kwa chavua zinazochavushwa na upepo na zinazosababisha mzio. Mkulima anayevuna majani machanga huzuia ua lisifike, lakini mchicha pori na matuta yaliyoachwa yaote mbegu huchanua bila kizuizi. Mbarika, unaopenda majalala na kingo za mito, ni mmea mwingine unaotegemea upepo, nao hutajwa miongoni mwa visababishi vya mzio katika nchi mbalimbali.

4.3 Miti

Mivinje iliyo kando ya fukwe hutoa chavua nyepesi zinazochukuliwa na upepo, nazo zimehusishwa na mzio katika nchi nyingine ulikopandwa mti huu. Mikoko ya Kunduchi na Mbweni, hususan ile ya jenasi Rhizophora, nayo hutegemea upepo kwa kiasi kikubwa. Minazi huchanua mwaka mzima. Miembe na mikorosho, ambayo bado imesalia katika nyua nyingi za Temeke, huchanua katika miezi mikavu ya katikati ya mwaka. Hii huchavushwa zaidi na wadudu, na chavua zake hazisafiri mbali, lakini anayelala au kufanya kazi chini ya mwembe uliochanua hukaa ndani ya wigo wake.

Kwa muhtasari, miezi ya Mei hadi Agosti hukusanya pamoja nyasi, mahindi, miembe na mikorosho. Ni miezi hiyo hiyo ambayo Kipupwe huleta ubaridi kidogo, watu wakavaa masweta na kuulaumu ubaridi huo kwa mafua yao. Hivyo dhana ya baridi huificha chavua.

5.0 Upepo, mvua na saa za siku

Kusi na Kaskazi zote huifikia Dar es Salaam zikitokea baharini, na hewa ya bahari wazi haina chavua nyingi. Kutokana na hilo, nyumba iliyo ufukweni Msasani au Mbweni hupokea mchana hewa safi zaidi kuliko nyumba iliyo bara, ambayo upepo huifikia ukiwa umekwishapita juu ya bustani, viwanja na barabara. Usiku na alfajiri mambo hugeuka. Upepo wa nchi kavu, ule ambao wavuvi huutumia kutokea baharini, huvuma kutoka upande wa Pugu na mashamba ya magharibi kuelekea pwani. Mahali nyumba ilipo, kwa hiyo, halitoshi kueleza inavuta nini. Sharti kutajwa na saa.

Nyasi nyingi hufungua maua asubuhi, na chavua huachiliwa umande unapokauka. Mtoto anayetembea kwenda shule saa moja asubuhi katika kijia kilichopita katikati ya nyasi hukutana nazo kwa karibu, maana pua yake iko kwenye kimo cha masuke. Mtu mzima anayepita njia hiyo hiyo huwa juu yake.

Kuhusu mvua, imani iliyozoeleka ni kwamba huosha hewa. Ndivyo ilivyo mvua inapokuwa ya muda mrefu. Lakini chembe ya chavua ya nyasi ikilowa yaweza kupasuka na kutoa vipande vidogo mno vyenye protini zile zile. Chembe nzima ya nyasi hunaswa puani kwa sababu ya ukubwa wake. Vipande hivyo hushuka hadi mapafuni. Mfano wa kutisha ulitokea Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016. Dhoruba ya radi katika msimu wa nyasi iliwapeleka maelfu ya watu hospitalini kwa shida ya kupumua ndani ya muda mfupi, na vifo 10 vilihusishwa na tukio hilo. Wengi wa walioathirika hawakuwa na historia ya pumu, bali ya mafua ya mzio. Haidaiwi hapa kwamba tukio la namna hiyo limewahi kutokea pwani ya Afrika Mashariki. Linaloelezwa ni kwamba mafua ya mzio na pumu si wagonjwa wawili waliopangana nyumba moja, bali ni hali mbili za njia moja ya hewa, inayoanzia puani na kuishia mapafuni.

6.0 Chavua miongoni mwa vichochezi vingine

Uchambuzi unaoielekezea chavua lawama zote utapotosha. Katika miji ya pwani yenye unyevu, utitiri wa vumbi ni kichochezi kikuu cha mzio, hasa Dermatophagoides pteronyssinus na Blomia tropicalis. Viumbe hivi havionekani kwa macho. Huishi ndani ya magodoro, mito na mazulia, na hustawi kwa unyevu. Mende nao, kwa mabaki na vinyesi vyao, ni kichochezi kinachojulikana cha pumu mijini. Kuvu huongezeka pale maji yanapotuama au kupanda ukutani. Katika maeneo ya mabondeni karibu na mito Kizinga na Mzinga, nyumba iliyoingiliwa na maji wakati wa Masika inaweza kubaki na kuta zenye unyevu wiki nyingi baadaye, yaani mpaka ndani ya msimu wa nyasi.

Juu ya hayo kuna moshi wa mkaa, taka zinazochomwa uani, moshi wa magari na vumbi la barabara zisizo na lami. Haya kwa kawaida hayasababishi mzio kwa maana ya kingamwili, bali hukwaruza utando wa njia ya hewa na kuufanya uwe mwepesi kuitikia vichochezi halisi. Baadhi ya gesi za magari hubadili hata protini za chavua zenyewe.

Namna ya kuvitenganisha visababishi hivi ni kuuliza lini na wapi. Dalili zinazozidi kitandani na wakati wa kutandika huelekea kwenye utitiri. Zinazozidi katika chumba chenye harufu ya uvundo huelekea kwenye kuvu. Zinazozidi nje, asubuhi, katika wiki maalumu zinazojirudia kila mwaka na kupungua mtu anaposafiri, huelekea kwenye chavua. Mgonjwa mmoja aweza kuwa na zaidi ya kisababishi kimoja.

7.0 Neno moja, maradhi mawili

Tatizo la utambuzi si la maabara pekee. Ni la lugha pia. Katika matumizi ya kila siku, "mafua" ni jina la dalili: kamasi, chafya na pua iliyoziba. Halisemi chochote kuhusu kisababishi. Neno "aleji" limeenea, lakini mzungumzaji wa kawaida hulihusisha zaidi na vipele vya ngozi au vyakula, kama katika kauli "nina aleji na pweza". Neno "mzio" limekaa zaidi katika vitabu. Kwa upande wa mapafu, mzazi husema mtoto "ana kifua", kauli inayoweza kumaanisha kikohozi cha siku tatu au pumu ya miaka mitatu. Neno "pumu" lenyewe huepukwa, kwa kuwa husikika kama hukumu ya maisha.

Athari ya jambo hili huonekana hata katika zana za utafiti. Mradi wa kimataifa wa ISAAC, ulioanzishwa mwaka 1991 kuchunguza pumu na mzio kwa watoto na ambao vituo vyake vya Afrika Mashariki vilijumuisha Nairobi na Eldoret, ulitumia swali la msingi linalomtaka mhojiwa aseme iwapo amepata chafya, kamasi au pua kuziba wakati ambapo hakuwa na mafua. Swali hilo linadhani kwamba mhojiwa ana jina moja kwa dalili na jina jingine kwa maambukizi. Likifasiriwa neno kwa neno, mzungumzaji wa Kiswahili aweza kulisikia kama kitendawili: nimepata mafua wakati sina mafua? Akijibu "hapana", atakuwa amejibu kwa usahihi kilugha na kimakosa kitabibu. Tafsiri iliyo salama zaidi ni ile inayotaja dalili moja moja na kuondoa homa, maumivu ya mwili na koo, kisha kuuliza kuhusu muwasho wa macho, pua na kaakaa.

Muwasho ndio mhimili wa utofautishaji. Mafua ya kirusi huja na koo linalouma, uchovu na pengine homa, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au siku kumi. Mafua ya mzio huwasha, kamasi lake ni jepesi kama maji, chafya zake huja kwa mfululizo, na hudumu kadiri kichochezi kinavyodumu. Rangi ya kamasi pekee haitoshi kuthibitisha kwamba kuna bakteria. Antibiotiki haimfai mgonjwa wa aina yoyote kati ya hizi mbili. Inapendekezwa, basi, kwamba watoa huduma na waandishi wa elimu ya afya watumie kwa uthabiti jozi ya istilahi "mafua ya maambukizi" na "mafua ya mzio". Jozi hiyo haimnyang'anyi mzungumzaji neno lake; inamwongezea swali: mafua ya nini?

8.0 Kupima hewa, kumpima mgonjwa

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua, upepo na joto, pamoja na mwelekeo wa misimu ya Vuli na Masika. Taarifa ya chavua ingekamilisha utabiri huo kwa afya ya umma. Zana yake ya msingi si ngeni. Mwaka 1952 J. M. Hirst alieleza mtego unaovuta lita 10 za hewa kwa dakika, kiasi kinachokaribia pumzi ya mtu aliyetulia. Hewa hiyo hupita juu ya utepe unaonata, unaosogea milimita 2 kwa saa. Utepe hukatwa, hupakwa rangi na kusomwa chini ya hadubini, na matokeo hutolewa kwa idadi ya chembe katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Afrika Kusini imekuwa na mtandao wa vituo vya aina hii katika miji kadhaa tangu mwaka 2019.

Utambuzi wa chavua za Afrika Mashariki nao una msingi. Bonnefille na Riollet walichapisha mwaka 1980 atlasi ya chavua za savana za Afrika Mashariki, na watafiti wa historia ya uoto wamesoma chavua zilizozikwa katika matope ya Milima ya Tao la Mashariki, ikiwemo Udzungwa, kwa kina cha makumi ya maelfu ya miaka. Taaluma inayoweza kueleza uoto wa Udzungwa kabla ya historia kuandikwa inaweza pia kuhesabu kilichopita angani Mbagala wiki iliyopita. Hata hivyo hadubini ina mpaka wake. Chavua za nyasi karibu zote ni duara lenye tundu moja, na ukoka hautofautiki kwa urahisi na nyasi nyingine, tofauti na chembe ya mchicha iliyojaa vitundu pande zote. Kwa hiyo hesabu ya hewani lazima iambatane na daftari la mimea: nani anachanua, wapi, na lini. Kazi hiyo inaweza kufanywa na walimu wa biolojia na wanafunzi wao.

Kwa mgonjwa, hatua ya kwanza ni ya bei nafuu: shajara ya dalili kwa miezi kadhaa, ikioneshwa tarehe, saa na mahali. Kipimo cha ngozi kinapopatikana, husomwa baada ya dakika 15 hadi 20, na uvimbe unaozidi ule wa kilinganishi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa kuwa chanya. Ni sharti dawa za antihistamini ziwe zimesitishwa siku kadhaa kabla, kwa ushauri wa mtoa huduma. Klofeniramini, iliyozoeleka madukani, husaidia lakini huleta usingizi. Kwa mwanafunzi au dereva, antihistamini za kizazi kipya zinafaa zaidi. Kwa dalili za kudumu, dawa ya steroidi ya kupulizia puani ndiyo yenye nguvu zaidi, nayo huhitaji kutumiwa kila siku. Mtoto anayekohoa usiku, anayetoa sauti ya mluzi kifuani au anayeishiwa pumzi anapocheza apimwe pumu bila kusubiri.

Kwa mtaa, hatua yenye tija ni ya wakati: kufyeka nyasi za viwanja na kingo za barabara kabla hazijatoa masuke. Kufyeka baada ya hapo hutimua chavua, na kuzichoma huongeza moshi juu ya mzio. Serikali za mitaa ambazo tayari huhimiza ufyekaji kwa ajili ya usafi na mbu zinaweza kusogeza tarehe bila gharama mpya.

9.0 Hitimisho

Makala yameeleza kwamba mzio wa chavua katika viunga vya Kinondoni na Temeke una majira yanayofuata Masika, Vuli, Kusi na Kaskazi, na kwamba nyasi, mahindi na mimea mingine isiyo na maua ya kuvutia ina uzito kuliko maua yanayoonekana. Yameonesha pia kwamba chavua ni kichochezi kimoja kati ya vingi, na kwamba neno "mafua" likiachwa bila kifafanuzi huwaweka mgonjwa, mtoa huduma na mtafiti katika giza moja. Utafiti unaopaswa kutangulizwa ni wa kuweka angalau mitego miwili, mmoja karibu na pwani ya Kinondoni na mwingine ndani ya Temeke, kwa mwaka mzima wa mvua mbili, na kulinganisha hesabu zake na shajara za wagonjwa wa maeneo hayo. Hadi hapo, mzazi anayeambiwa kwamba mafua ya mwanawe yanatokana na hali ya hewa ana haki ya kuuliza swali la pili: katika hewa hiyo, kuna nini?